Mlanguzi wa Kikundi Chetu

Tarsisi Bujiku aliigiza miaka kumi na miwili katika kikundi chetu cha maigizo pale Tinde, na hakuwahi kupewa nafasi ya mtu mwema. Alikuwa mlevi, karani mla rushwa, mtemi aliyeuza watu wake. Tangu mwaka 1974 alikuwa mlanguzi: anaficha sukari wananchi wakihangaika, kisha anakamatwa, anapiga magoti na kulia. Mimi niliigiza mkewe. Nilimjua kuliko nilivyotaka.

Alijiita msanii. Sisi wengine alituita wapiga kelele. Mama yake alipofariki Ushirombo tulikwenda kuzika. Nikamwona akilia kaburini, mara akanyamaza, akageuza shingo kuangalia nani anamtazama, kisha akaendelea. Tangu siku hiyo sikumheshimu tena.

Wenzangu hawakuona hilo. Kwa umaarufu wake wa jukwaani, kijiji kikamchagua awe muuzaji wa duka la kijiji. Mwaka 1983 sabuni iliadimika, nikawa nafua nguo za mwanangu kwa majani ya mpapai. Kila nikienda dukani, Tarsisi alinionyesha viganja vitupu.

"Salvina dada yangu, hata mimi nyumbani sina kipande."

Macho yake yalilowa kabisa.

Siku moja asubuhi mgambo walipekua duka. Chini ya magunia ya mbegu za pamba walikuta katoni za sabuni, na sukari. Wakamtoa nje mbele yetu sote. Akapiga magoti, mikono kichwani, akalia kilio kilekile cha jukwaani, hata kwikwi zake zilikuwa zilezile. Watu wakaanza kucheka. Bibi Limi, ambaye hakukosa onyesho letu hata moja, akamwambia taratibu, "Hapo Tarsisi huwa unamgeukia mkeo."

Naye, mtu anayekwenda jela, akanigeukia.

Nikamtemea mate. Hilo halikuwamo kwenye igizo.

Alifungwa miaka miwili. Baadaye nilikwenda Nkome kununua dagaa, nikamkuta akianika, amekonda, mkewe wa ndoa ameshamwacha. Hakuniulizia mwanangu, wala hakuniomba radhi. Alinisogelea tu, akauliza kwa sauti ya chini, "Siku ile ya mgambo, Salvina. Nililia vizuri?"

"Pima dagaa," nikamwambia.