Hata Shangazi Ameweza

Karani wa sampuli alikuwa amefanya kazi miaka ishirini na miwili kwenye dirisha lile la maabara. Kila chupa ya damu iliyoletwa hospitalini ilipita mkononi mwake, akaiandika daftarini kwa mwandiko uliotulia, na hakuwahi kupoteza hata moja. Hakujaliwa mtoto. Alikuwa na mpwa, mtoto wa kaka yake, aliyemlea tangu darasa la kwanza hadi alipomaliza shule, wazazi wake wakiwa mbali kikazi. Sasa mpwa huyo alikuwa mtengenezaji wa programu za kompyuta, na Jumamosi moja asubuhi alimjia na kompyuta kwapani.

"Shikamoo shangazi. Nina shida, nisaidie."

"Marahaba baba. Sema."

Kampuni yake ilikuwa imetengeneza programu ya kufuatilia sampuli. Programu yenyewe safi, ila kuisakinisha, yaani kuiweka kwenye kompyuta, ni kasheshe: unafungua dirisha jeusi, unaandika amri moja baada ya nyingine, ukikosea nukta moja inakugomea. Maabara zilikuwa zikipiga simu kutwa kucha kuuliza. Bosi alitaka mambo yalainishwe mpaka mtu asiyejua kitu aweze kufika mwisho peke yake.

"Kwa hiyo namtafuta mtu asiyejua kitu," alisema mpwa, macho makavu.

Shangazi alicheka. "Basi umefika."

Mpwa aliegemeza simu kwenye glasi ya maji ili imrekodi. "Uliza chochote, lakini sitajibu. Jifanye sipo."

Mwongozo wa programu ulisema: andika jina lako. Shangazi akaandika *jina lako*. Kompyuta ikamtapikia mistari ya maneno mekundu. Akamwangalia mpwa wake. Mpwa akainamia karatasi zake. Shangazi alipofika kwenye nenosiri, aliandika lakini hakuna herufi iliyotokea. Akabonyeza kwa nguvu zaidi. Akatafuta kitambaa, akavipangusa vitufe kimoja kimoja.

"Baba, nimeiharibu?"

Mpwa akaandika kitu kwenye karatasi.

"Niambie basi, nimeiharibu mashine ya watu?"

Mpwa akachukua karatasi nyingine. Jasho lilimteremka shangazi mgongoni kama mtu anayehojiwa na polisi. Baada ya muda wa saa tatu alifika mwisho, akanyoosha mikono juu na kupiga kelele, "Shangazi ameweza!" Mpwa alimkumbatia. Siku ile nzima shangazi alitembea kifua mbele.

Miezi miwili baadaye programu ikaletwa kwenye maabara yake. Mkuu wa maabara aliwakusanya wafanyakazi wote na kuisakinisha mbele yao, skrini ikimulikwa ukutani. Kweli ilikuwa imelainika. Penye jina paliandikwa: "Weka jina lako mwenyewe, si maneno *jina lako*. Hapa shangazi alijichanganya." Watu wakacheka. Penye nenosiri: "Herufi hazionekani, lakini zinaingia. Usipanguse vitufe kama shangazi." Wakacheka zaidi. Mwishoni kilitokea kibonzo cha mama mnene, mikono juu: "Hata shangazi ameweza! Wewe je?"

Shangazi naye alicheka pamoja nao, mashavu yakimuuma.

"Huyo shangazi ni balaa," alisema mpimaji mmoja akijifuta machozi. "Sijui nani alimruhusu kusogelea mashine."

Angeweza kunyamaza. Lakini alikuwa amechoka kucheka.

"Ni mimi," alisema.

Kila mtu akaangalia viatu vyake. Kisha mkuu akashindwa kujizuia, akacheka kuliko wote.

Jumatatu mkuu alimwita shangazi ofisini. "Mama, usinielewe vibaya. Daftari linaondoka, na dirisha linahitaji mtu mwepesi." Alimpeleka chumba cha nyuma, kuosha vyombo vya vioo.

"Lakini mimi niliimaliza," alisema shangazi. "Niliimaliza kabla haijarahisishwa."

"Ndiyo, mama. Tumeona." Mkuu akauma mdomo asicheke.

Mpwa alipokuja kumtembelea, shangazi alimweleza yote.

"Pole, shangazi. Lakini si ungenyamaza tu? Nani angejua?" Alinyoosha miguu. Yeye alikuwa amepandishwa cheo. Watu waliipenda sana ile sehemu ya shangazi, wakubwa walitaka toleo la pili liwe na vichekesho zaidi. "Ila wewe sasa umeshajua, hunifai tena. Namtaka mwingine ambaye hajui kabisa. Unamfahamu nani?"

"Mchukue mama yako," alisema shangazi. "Kompyuta hajawahi hata kuigusa."

Mpwa alicheka, akatikisa kichwa. "Mama? Aa, hapana, shangazi. Mama siwezi kumfanyia vile."

Alisema, kisha akasikia alichokisema. Shangazi alikuwa akimmiminia chai. Alijaza kikombe mpaka juu, akamsogezea.

"Kunywa, baba," alisema. "Ukimaliza, uende."