Waya wa Kumsikia Mama Mkwe

Huyu kinyozi, jamani, alikuwa na mdomo! Mkasi ukipumzika, yeye hapumziki. Na kila kichwa alichonyoa kiliondoka na habari ileile: kwamba marehemu mama mkwe alimpenda kuliko wanawe wa kuzaa. Ushahidi? Kanda ya harusi. Nyuma ya muziki mama mkwe anamnong'oneza bibi harusi. Maneno hayasikiki, ila kinyozi alikwisha kuyatafsiri zamani: "Mwanangu, umeokota dhahabu."

Shemeji yake, kaka wa mkewe, akachoka. "Tusikie basi! Mimi nasikia kama mtu anatafuna karanga."

Ubaya ulikuwa kwenye spika ya kushoto. Waya wake ulitoka kwenye pasi mbovu, umeungwaungwa kwa tepu nyeusi, na spika ikabaki kukoroma tu. Kinyozi akamvuta mkewe mpaka duka la vifaa vya umeme.

"Chumba chenu kikubwa?" muuzaji akauliza.

"Ukipiga chafya jikoni, sebuleni wanakwambia pole," mke akajibu.

"Basi huu mwembamba unatosha. Shaba tupu."

"Mwembamba!" Kinyozi akawaka. "Sauti ya mama mkwe wangu ipite kwenye uzi? Lete ule mnene kuliko wote."

"Baba watoto, kwani lazima?"

"Hutaki watu wajue nilivyopendwa?"

Mke akageuka kutazama taa za mapambo.

Nyumbani waya ukagoma kuingia kwenye tundu la spika. Ulikuwa mnene mno. Kinyozi, fundi wa kupunguza, akachukua wembe akazinyoa zile nyuzi za shaba mojamoja, mpaka ncha ikabaki nyembamba kama ya ule waya alioutukana dukani. Wala haya hakuona.

Shemeji akaketi, kanda ikaanza. Spika ya kushoto ikafufuka. Muziki, vijiko, vicheko, kisha mama mkwe mwenyewe, wazi kana kwamba yuko mlangoni:

"Mwanangu, huyu ataongea mpaka kuta zihame. Gari letu liko nje. Twende zetu."

Shemeji akauma kidole asicheke, na bado kicheko kikamponyoka. Kinyozi moyo ulimpasuka paa! Miaka yote ile ya kujitangaza, kumbe anatangaza aibu yake. Akanyoosha mkono azime.

"Acha," mkewe akasema.

Kwenye kanda bibi harusi alikuwa anajibu, kwa sauti ya kisichana inayotetemeka kidogo:

"Najua anaongea, mama. Lakini tangu baba afariki kwetu hakuna anayesema neno. Hata kula tunakula kimya. Mimi nimechoka na kimya, niache niende naye."

Shemeji akainamisha kichwa, kicheko kimekwisha. Kinyozi akamgeukia mkewe, akafumbua mdomo, akaufumba. Akajaribu tena. Wapi! Hakuna kilichotoka.

Mkewe akamngoja weee, kisha akamshika mkono.

"Sema chochote basi, baba watoto," akamwambia. "Unanitisha."