Mtungi wa Kitanda cha Sita

Muuguzi na mwenzake waliyembandika jina la Chiriku, kwa vile hakujua kufunga mdomo, walikuwa chanda na pete tangu chuoni. Gonjwa lilipoingia mjini, wote wawili walipangwa wodi ya waliotengwa. Mgonjwa akifa, mmoja alikwenda kulia stoo, mwingine akamshikia zamu. "Dakika tano tu, shoga," Chiriku alikuwa akisema, "halafu unawe uso, urudi."

Asubuhi moja muuguzi aliona mshale wa mtungi wa oksijeni wa kitanda cha sita umekaribia sifuri. Aliyelala pale alikuwa mwalimu mstaafu, mzee mcheshi aliyewasahihisha madaktari Kiswahili chao. Muuguzi akampigia msimamizi simu mara tatu. "Mtungi unakuja," akaambiwa kila mara. Chiriku alikuwa ubavuni pake, akisikia yote. Mwishowe muuguzi akamwambia, "Nishikie huyu," akatimua mbio hadi ghala la mitungi. Akakuta kufuli. Aliporudi, Chiriku alikuwa akimkandamiza mzee kifua, jasho likimchuruzika. Wapi! Mzee alishakata roho.

Familia ya marehemu ikaja juu. Muuguzi alipoitwa ofisini, alikwenda bila wasiwasi. Shahidi si alikuwepo? Msimamizi akamsukumia karatasi. Ilisema muuguzi alitoka wodini bila kuaga, na hakuna simu aliyopiga. Chini kulikuwa na sahihi ya Chiriku.

"Mwiteni aseme mbele yangu."

"Amehamishiwa kliniki ya macho. Tangu jana."

Alimkuta huko, sare imenyooka, anapanga kadi.

"Umeniuza, shoga?"

Chiriku hakuinua uso. "Waliniambia nisaini au nibaki kule. Nina mtoto ananyonya. Wewe je, una nani nyumbani?"

"Ungesema hukusikia, ningekuelewa. Lakini kuandika kwamba nilikimbia! Mimi!"

"Punguza sauti basi, watu wanasikia."

Hilo ndilo lililomkata maini. Chuki angeivumilia, lakini kuonewa haya na mtu aliyemfuta machozi miezi yote ile!

Hawakumfukuza. Wauguzi walikuwa wachache mno. Walimpa barua ya onyo, wakamrudisha wodi ile ile, na siku ya kwanza akakutana getini na binti wa marehemu, aliyefuata vitu vya baba yake.

"Baba alikusifu kila tulipompigia," binti alisema. "Alituambia, huyu hawezi kuniacha. Kumbe!"

Muuguzi akamweleza yote: zile simu tatu, lile kufuli. Binti akamsikiliza mpaka mwisho, mfuko wa nguo na miwani ya mzee ukiwa kifuani.

"Kuna aliyekuona?"

"Alikuwepo."

"Na yeye anasemaje?"

Muuguzi akatazama upande wa kliniki ya macho. Binti akatikisa kichwa, akaenda zake. Muuguzi akabaki amesimama palepale katikati ya njia, hadi mlinzi alipomwita kwa upole: "Sista, pisha kidogo. Gari la wagonjwa linaingia."