Herufi ya Ishirini na Sita

Mimi si mtu wa kungoja. Hata ugali nauonja kabla haujaiva, na mama yangu alikata tamaa na mimi mapema. Kwa hiyo ujue kwamba kumngoja Mwikwabe miezi ishirini na sita ilikuwa kazi ngumu kuliko zote nilizowahi kufanya, na niliifanya kwa moyo wangu wote.

Tulikuwa walimu wawili katika shule ndogo ya kanisa hapa Nyarero, yeye darasa la nne, mimi la kwanza. Ijumaa, watoto wakishaondoka, tulikuwa na mchezo wetu. Tunachagua herufi moja, kisha kila mtu anatafuta neno la Kiingereza lenye herufi hiyo. Mwenye neno refu zaidi ameshinda. Kamusi ilikuwa marufuku. Neno lazima uwe umelikuta kwa macho yako, kwenye kopo, gunia au tangazo, na lazima useme umelikuta wapi. Usiposema ulipolikuta, halihesabiwi.

Mshahara wa ualimu haukufika kwenye ng'ombe wa mahari. Mwanzoni mwa mwaka 1955 Mwikwabe akapata kazi ya ukarani kwenye shamba la chai kule Kericho. Siku ya kuondoka alinishika mkono mbele ya watu, jambo ambalo halikuwa desturi.

"Gati, kila mwezi herufi moja kwa barua," alisema. "Tunaanza na A. Tukifika Z, mimi mwenyewe nitakuwa mlangoni kwa tata yako."

Nilipiga hesabu. "Miaka miwili na miezi miwili. Hiyo miezi miwili ya nini?"

"Ya nauli na zawadi."

Nikacheka. Nilimpenda mpaka nikawa mjinga, na sikuona haya.

Wakati ule Machage wa Nyambureti, mfugaji aliyefiwa na mkewe, alikuwa ameshatuma wazee nyumbani kuniposa. Nilimwendea tata, baba yangu, nikamweleza makubaliano yetu, herufi kwa herufi. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Nitamngoja mpaka hiyo herufi ya mwisho," alisema. "Baada ya hapo usinisumbue tena."

Kisha akaanza kuzifuatilia yeye mwenyewe. Kila barua ilipofika aliuliza, "Leo ni ipi?" Nikamwambia, "Ni G, tata." Naye akajibu, "Bado nyingi." Mwaka haujaisha, mzee ambaye hajawahi kukaa darasani alijua kwamba baada ya L inakuja M.

Barua za kwanza zilikuwa tamu. Mimi kwa A nilipeleka "agricultural", kutoka kwenye gunia la mbegu. Yeye akanishinda kwa "administration", kutoka kibao cha ofisi yao. Kwa F alileta "refrigerator", akaeleza jinsi alivyolisoma jikoni kwa bwana wake alipotumwa kupeleka karatasi. Kwa njia hiyo nilimwona anakopita. Nilijua mlango wa ofisi yake, nilijua zahanati yao, nilijua hata kabati la barafu. Usiku na mchana nilitamani kusimama karibu naye mahali hapo, tusome pamoja.

Herufi ya Q ilinikuta na bahati. Ugonjwa wa ng'ombe uliingia upande wa Serengeti, serikali ikabandika tangazo mnadani la kuzuia mifugo kuhamishwa: "quarantine". Herufi kumi! Ng'ombe wa Machage wasingeweza kutoka Nyambureti hata kama baba angebadili mawazo. Watu walisimama mbele ya lile tangazo wakisikitika, na mimi nikafurahi peke yangu. Mungu anisamehe.

Lakini maneno ya Mwikwabe yalianza kufupika. Kwa S alileta "shoes". Kwa T alileta "ticket", hakusema ya nini. Mimi kwa X nilitembea hadi Turwa, nikageuza makopo na chupa zote dukani kwa Ogweno mpaka akaniuliza, "Mwalimu, unanunua au unasoma?" Nikapata "expectorant" kwenye chupa ya dawa ya kikohozi. Yeye akaleta "box". Aliandika kwamba amelikuta mezani.

Herufi tatu. Nilizihesabu tena, kana kwamba zitaongezeka. Hasira ilinipanda, nikaikunja barua, kisha nikaikunjua na kuinyoosha kwa kiganja, maana mwandiko ulikuwa wake.

Mwezi wa Z barua ilikuja mapema. Niliifungua njiani. Hakuwa ameandika neno la Z. Alisema bwana amemwongezea mkataba wa miaka miwili. "Kwa hiyo tuanze tena na A," aliandika. "Safari hii tutafute maneno marefu zaidi."

Nilikaa chini ukingoni mwa barabara nikalia, kilio cha mtu mzima, chenye makamasi.

Wiki hiyo hiyo karantini iliondolewa. Jumamosi ng'ombe wa mahari waliingia uani kwetu, na nyuma yao Machage, vumbi mpaka kwenye nyusi. Alinisalimia kwa heshima, akanipa karatasi iliyopigwa muhuri.

"Mwalimu, tusomee. Barabarani askari wote wameiangalia, mimi sijui imesema nini."

Hakuwa mtu mbaya. Ningependa awe mbaya. Nilisoma idadi ya ng'ombe, nikasoma jina lake, nikasoma kijiji wanakotoka na wanakokwenda. Halafu nikarudi kwenye kichwa cha karatasi, nikaanza kuhesabu kwa kidole herufi za neno moja.

Baba alikitazama kidole changu. "Gati," aliuliza polepole, "leo ni zedi?"

"Ndiyo, tata. Ni zedi."

Aliinamisha kichwa. Nadhani hata yeye alikuwa amemngoja yule kijana.

Jioni nilichukua kalamu nikaandika: "Z. Authorization. Herufi kumi na tatu. Nimelikuta kwenye kibali cha ng'ombe wa Machage, wakiwa wameshaingia uani kwetu."

Bahasha ilikuwa tayari kufungwa. Nikaifungua tena ile barua nikaongeza mstari mmoja chini, kwa sababu hata hapo bado nilitaka kujua: "Wewe ulipata lipi?"