Draivu za Zahanati Zinakohoa

Jumatatu saa nne asubuhi Mama Bisibisi alikuwa uani anaanika shuka, vibanio viwili mdomoni, jirani yake alipomwambia juu ya ukuta kwamba draivu za kompyuta kule zahanati ya kiwanda zinakohoa.

"Draivu zipi?"

"Zile za kusomea CD, mwenzangu. Wanaweka CD ya picha ya kifua, inazunguka kidogo, halafu kho, kho, inatema vumbi jeupe. Karani siku hizi chai yake anaifunika."

Mama Bisibisi alitoa vibanio mdomoni akabana shuka. Maneno ya jirani kwa kawaida yaliingia sikio hili yakatokea lile, lakini haya yaligoma kutoka. Yalikaa naye jikoni, yakalala naye, yakaamka naye. Mumewe alikuwa ametimiza miaka kumi na tisa katika chumba cha kuchambulia pamba cha kiwanda hicho. Na binti yake, ambaye mtaa mzima ulimwita Bisibisi, ndiye fundi aliyeitwa na zahanati kila draivu ilipoharibika.

Jumanne asubuhi mume alirudi kutoka zahanati na bahasha. Ndani mlikuwa na CD moja, imeandikwa kwa kalamu nene: KIFUA. Ijumaa alitakiwa mbele ya kamati ya afya. Picha zikionekana, na zikionyesha mapafu yamechoka, angehamishiwa getini, kwenye hewa. CD isiposomeka, faili lingefungwa na angerudi kwenye pamba. Wakati huo alikuwa tayari anapumzika mara mbili kati ya kitanda na mlango.

Bisibisi aliiweka CD kwenye kompyuta ya mezani kwake. Taa ya kijani iliwaka, sahani ikazunguka, draivu ikakohoa mara tatu, kikohozi kikavu cha mtu anayejizuia mbele ya wageni. Kwenye kioo yakatokea maneno: weka CD.

"Msiguse kitu," aliwaambia wazazi wake, ingawa hakuna aliyegusa. "Draivu ni kama mgonjwa. Unaiuliza polepole."

Akaiuliza. Taa inawaka, basi umeme unafika. Akaweka CD nyingine, ya masomo ya kupiga chapa. Ikasoma vizuri, basi draivu ni nzima. Akaishika ya baba yake kwenye mwanga wa dirisha, akaigeuza. Haina mkwaruzo wala ufa. Akaijaribu kwenye draivu ya pili, mpya, iliyotoka kwenye boksi asubuhi hiyo. Nayo ikakohoa. Ndipo alipofungua skrubu nne na kuinua bati. Lenzi, kijicho cha ukubwa wa punje ya dengu, ilikuwa imefunikwa na nyuzi za pamba.

Aliisafisha kwa kijiti cha masikio na tone la spiriti. CD ikasomeka dakika moja, lenzi ikajaa tena. Akasafisha. Ikajaa. Kufikia alasiri pamba iliyotoka kwenye CD ile ilitosha kujaza foronya ya mtoto.

Hapo akafanya lile linalofanywa na mafundi wote uvumilivu ukiisha: aliinama akapuliza kwa mdomo. Kila fundi anajua ni kosa, mate yanarukia lenzi, na kila fundi analifanya. Draivu ilivuta. Pumzi haikuingia tu. Ilivutwa, kama mtoto anavyovuta ziwa. Sahani ikazunguka bila kikohozi, picha ya kwanza ikaanza kufunguka. Bisibisi alibaki kinywa wazi, akisubiri pumzi yake irudi. Ilirudi pungufu.

"Imekubali," alisema.

"Imekula," mama yake alisema.

Kabla ya chakula cha jioni mama aliwasha kijiti cha kibiriti, akakishika mbali, mkono umenyooka.

"Zima."

"Mama, mimi ni mtoto wa miaka miwili?"

"Zima nione."

Kilizimika. Jumatano Bisibisi alipuliza draivu mara mbili, kuhakikisha CD haijabadili nia, na kibiriti ikabidi kisogezwe nusu ya mkono. Alhamisi alipuliza mara moja tu, na kibiriti kikazimika kikiwa upana wa kiganja kutoka midomoni.

Mchana huo mama alimsukuma pembeni akapuliza mwenyewe. Draivu ilipiga chafya ikamrudishia yote usoni.

"Yako imejaa maneno, Mama," Bisibisi alisema, akacheka, akalazimika kukaa ili amalizie kucheka.

Baba yake alikuwa mlangoni. "Basi, mwanangu. Kesho siendi."

"Utakwenda, Baba. Pumzi yangu nusu iko humo tayari. Unataka ikae bure?"

Mama Bisibisi alifungua kinywa aseme neno, akakuta kwamba upande wowote atakaoutetea unamzika mtu. Akakifunga, akaenda kuosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa.

Chumba cha kamati kilikuwa na meza ndefu, kompyuta moja, na ufagio pembeni kwa ajili ya draivu. Walikaa Mwenyekiti, Daktari wa kiwanda, na Karani. Bisibisi alikaa karibu na kompyuta kwa kuwa ni fundi wao. Mama yake alisimama mlangoni kwa kuwa hakuna aliyemfukuza.

Karani aliweka CD. Draivu ikakohoa.

"Imeanza," alisema, akafunika kikombe kwa kisosi.

Trei ilikwama nusu ikitoka. Mwenyekiti akatazama saa. "Dakika tano. Isiposomeka tunafunga faili."

Bisibisi alizima kompyuta, akanyoosha klipu ya karatasi, akaichomeka kwenye kile kitundu kidogo mbele ya draivu. Trei ikatoka imebeba pamba kiganja kizima. Akakaza waya za nyuma. Akasafisha lenzi. Akawasha. Kikohozi.

"Dakika mbili."

Alimtazama mama yake. Mama alitikisa kichwa: usifanye. Baba, aliyesimamishwa mbele ya meza, alikuwa anatazama sakafu, mabega yakipanda na kushuka kama mtu anayechota maji kisima kirefu. Bisibisi akainama akapuliza mpaka mwisho.

Picha zikafunguka zote. Mapafu mawili, meupe kama marobota. Daktari akalikuza la kushoto. Ndani yake kilionekana chumba cha kuchambulia pamba, mashine sita zinazunguka, na mtu mdogo ameshika ufagio, anakohoa.

"Nani huyo?" Mwenyekiti aliuliza.

"Ni mimi, mheshimiwa," baba alijibu.

"Zamu ipi?"

"Ya asubuhi."

"Naona mashine ya nne mmebadilisha mkanda."

"Wiki iliyopita, mheshimiwa."

Daktari alivua miwani. "Mgonjwa hashiki ufagio namna hiyo. Huyu yuko kazini."

"Yuko," Mwenyekiti alikubali. "Tena wima."

Karani aliandika mistari mitatu: CD imesomeka. Draivu imetengenezwa. Mfanyakazi anafaa kuendelea palepale. Kisha akasukuma karatasi kwa Bisibisi. "Fundi, saini hapa kwamba imepona."

Bisibisi alisaini. Alikuwa bado anasubiri.

"Na ya mwanangu?" mama aliuliza kutoka mlangoni.

"Ya nini?"

"Pumzi."

Karani aliipitia fomu juu hadi chini, mbele na nyuma, kwa uangalifu. "Haina nafasi yake hapa, mama," alisema, na kweli haikuwa nayo.

Jumatatu mume alirudi kwenye pamba. Bisibisi bado ni fundi, na kazi yake ni safi. Anasema maneno manne, anasubiri, anasema manne mengine. Jirani ameleta fununu nyingine juu ya ukuta: kwamba draivu ya kamati haijakohoa tena tangu siku ile, na hata ikizimwa inapumua taratibu, kama msichana aliyesinzia. Mama Bisibisi alibana shuka.

Wenye watoto mafundi, ya kuepuka ni haya:

Usipulize draivu kwa mdomo. Kuna kipulizio cha mpira, kinaminywa kwa mkono.

Usiguse lenzi kwa kidole.

Usiing'oe trei kwa kisu. Zima umeme, tumia klipu.

Usiweke CD yenye ufa, itapasukia ndani.

Usiifute CD kwa kuzungusha; futa kutoka katikati kwenda ukingoni.

Usisaini kwamba kimepona kabla hujauliza ni nini kilikuwa kinaumwa.

Usimwashie kibiriti mtu aliyepungukiwa pumzi. Atajaribu kukizima.