Mtoto Aliyeachwa Kando ya Barabara

Mimi Purity ndiye niliyeropoka. Sitamsukumia mtu mwingine lawama. Mulki aliniambia tukiwa kidato cha pili kwamba walipokimbia vita Somalia, mama yake alikuwa na nguvu za kubeba mtoto mmoja tu. Akambeba yeye. Mdogo wake wa miaka miwili akaachwa kando ya barabara, angali hai. Ubah, mama yao, hajalitaja jina la mtoto huyo tangu wafungue duka la vitambaa Kisii mjini.

Wahenga walisema mdomo uliponza kichwa. Wangu uliponza kichwa cha mwenzangu. Nilimsimulia Mwalimu Ochoki ili anipe nafasi kubwa katika mchezo wa kuigiza, naye akayaandika yote, akatia jina lake juu, kisha akanifanya mimi kuwa yule mama.

Siku ya mashindano ya kaunti, Mulki alinikuta nyuma ya pazia nikijifunga leso.

"Mamangu ako hapo mbele. Ameitwa kama mzazi, hajui kitu."

"Sasa mimi nifanye nini?"

"Beba watoto wote wawili. Hiyo tu."

"Mwalimu ataniua. Tutashindwa."

"Basi shinda, nyoka wewe."

Ningeweza kuwabeba. Bitutu, mtoto wa darasa la kwanza tuliyemwazima shule jirani, hakufikia uzito wa mkungu wa ndizi. Nilimwacha sakafuni kwa sababu nilitaka kikombe. Nikamwinua mwenzake, nikageuka, nikalia machozi niliyofundishwa kulia.

Kiti kikaanguka ukumbini. Ubah alipenya katikati ya wazazi, akapanda jukwaani, akapiga magoti na kumwinua Bitutu. Alimfunika kwa mtandio wake, kisha akanitazama kwa chuki ambayo sijaiona kwa mtu mwingine.

"Wewe umekula leo," akasema. "Kwa nini umemwacha?"

Akatoka naye, Mulki akimfuata mbio. Watu walipiga makofi hadi wengine wakasimama. Waamuzi walidhani ndio mwisho tulioufanyia mazoezi, wakatupa nafasi ya kwanza.

Mwalimu Ochoki alinijia na kikombe kwapani, meno yote nje.

"Purity, kimbia umshike huyo mama! Muulize kama atakubali kufanya hivyo tena tukienda mashindano ya kanda."

Nilimwonea kinyaa, nikajionea kinyaa zaidi, lakini nilikimbia. Niliwakuta langoni. Ubah alikuwa amemkumbatia Bitutu kwa nguvu, na Bitutu alikuwa akimlilia mama yake mwenyewe. Mulki alikuwa akiibandua mikono ya mama yake, kidole kimoja kimoja, akimbembeleza kwa Kisomali.

Kidole cha mwisho kilipoachia, Mulki aliniona.

"Chukua mtoto wenu," akasema. "Endeni na kikombe chenu."