Rudia Mpaka Mwenye Namba

Jumatatu, saa mbili na dakika kumi asubuhi, Gakii alifungua dirisha la tatu la Ofisi ya Hati za Asili, akapangusa kibodi kwa kitambaa, maana popo wa dari lile la boriti walikuwa wamekwisha fanya yao, akawasha kompyuta. Nje walikuwa wakingoja watu wanane na punda mmoja. Punda ndiye aliyetangulia kufika, lakini yeye hakuwa na haja ya hati, kwa hiyo wa kwanza akawa Zamzam Hamdu wa Faza, msichana wa miaka kumi na tisa aliyeikumbatia bahasha ya kaki kifuani.

Ndani ya bahasha mlikuwa na cheti cha kuzaliwa, cheti cha mtihani, na barua ya chuo cha uuguzi cha Mombasa. Barua ilisema Zamzam amepata nafasi, na afike Ijumaa kabla ya saa sita mchana akiwa na hati ya asili. Asiyefika, nafasi yake apewe mwingine.

"Mambiwa ndipo hapa," alisema Zamzam.

"Ni hapa. Keti kwa benchi, nitakuita," alisema Gakii.

Hati ya asili hudaiwa watu wa visiwa vya kaskazini peke yao. Mtu wa bara haulizwi asili yake, kwa kuwa jina lake likisomwa huko juu linajulikana, na mambo yakaishia hapo. Gakii alikuwa mtu wa Meru. Alikuja Amu, yaani Lamu, miaka mitatu nyuma kuitunza mitambo ya ofisi, na programu ya kutolea hati aliiandika mwenyewe, kwa lugha ya Scheme, lugha aliyofunzwa chuoni na kuipenda tangu siku ile kama mtu anavyopenda chakula cha kwao.

Katika Scheme mtu aweza kujitungia neno lake mwenyewe, likaitwa makro. Unaandika neno fupi, na kabla programu haijaanza kazi mashine hulikunjua. Hulitoa lile fupi, na mahali pake hutandaza maneno marefu uliyoagiza. Neno la Gakii lilikuwa rudia-mpaka. Likikunjuliwa, linakuwa kazi ndogo yenye jina lake, ambayo humshika mtu mmoja, humwuliza swali moja, na jibu likiwa hapana hujiita yenyewe tena, safari hii na mtu anayefuata.

Aliliokota barazani kwa Bi Nasreen, mwenye nyumba wake pale Wiyoni. Bi Nasreen alizaliwa Kipungani, na vidole vyake vilisuka ukili wa mikeka hata pale mdomo ulipokuwa ukigombana na jirani. Siku moja Gakii alimwuliza anajuaje kuwa ukili umetosha.

"Msukaji hakati, mwanangu," alisema Bi Nasreen. "Mimi nasuka tu. Akataye ni yule ashonao mkeka, kwani yeye ndiye ayuao wenda kutandikwa wapi."

Gakii aliona hiyo ni hekima, naye akaandika makro yake vivyo hivyo. Neno lenyewe linarudia tu. Sharti la kukomea hutiwa na anayelitumia. Makao makuu walilipokea, wakalisifu, wakatia sharti lao, na mstari mzima ukawa mfupi kuliko anwani ya barua: rudia-mpaka mzazi ana namba. Maana yake, mwombaji aulizwe mzazi mwenye namba ya kitambulisho. Kama hana, aulizwe mzazi wa huyo mzazi, hivyo hivyo mpaka apatikane mwenye nayo. Gakii aliusoma mara mbili, akauona mstari safi. Baadaye hilo ndilo lililomuuma kuliko yote.

Programu ilianza kutumika Jumatatu hiyo. Gakii aliandika jina la Zamzam, akabonyeza, na benchi likakunjuka.

Kwanza aliketi mwanamume wa makamo, kikoi chake kikichuruzika maji ya chumvi. Alikuwa Hamdu Madi, baba yake Zamzam, aliyezama nje ya Kiwayuu miaka kumi na mmoja iliyopita. Zamzam alimbusu mkono, akasogea ili bahasha isilowe.

"Una namba ya kitambulisho?" Gakii aliuliza, kwa sababu ndivyo kioo cha kompyuta kilivyomwagiza aulize.

"Sina," alisema Hamdu. "Naliambiwa niye na babangu."

Yaani aje na baba yake. Gakii alibonyeza hapana. Pembeni ya Hamdu akaketi mzee wa kofia ya vito aliyekuwa akikohoa. Huyo alikuwa Madi, baba yake Hamdu.

"Una namba, Bwana?"

"Nalikwenda mara sita. Naliambiwa niye na babangu."

Hapana. Baada ya Madi walifuata waliofariki kabla namba hazijaletwa, nao waliuliza kwa adabu ni namba ya kitu gani. Wa saba alisema namba hana ila nasaba anayo, akaisoma yote mpaka kwa mtu aliyechimba kisima cha kwanza cha mtaa wao. Gakii alimsikiliza hadi mwisho, kwa kuwa kumkatiza mkubwa ni utovu wa adabu. Kisha akabonyeza hapana, maana programu ilipokea majibu mawili tu na kisima hakikuwa mojawapo.

Kufikia adhuhuri benchi lilikuwa limejaa, wengine wameketi ngazini, na mstari umepinda kwenye kichochoro. Philip, mkuu wa ofisi, alirudi kutoka kunywa chai akalazimika kupita upande upande.

"Hawa wote ni wa faili gani?"

"Moja tu, bosi. Zamzam Hamdu."

"Basi wapange upande mmoja. Punda wanahitaji kupita," alisema Philip, akaingia ofisini kwake.

Jumanne Gakii aliingiwa na shaka kwamba huenda makro yake ina kasoro. Akafanya anachofanya kila mwandishi wa programu akishikwa na wasiwasi, akaijaribu kwa jina lake mwenyewe. Baba yake alitokea benchini papo hapo. Mzee Murithi yu hai, anaishi Meru, na wakati huo alikuwa akikatia ng'ombe majani. Alikuja na gambuti zenye tope na mzigo wa majani begani. Alichomoa kitambulisho mfukoni, akakishikilia mbele ya dirisha, na mstari ukakoma hapo hapo, kwa hatua moja.

"Umekula?" alimwuliza bintiye kwa Kimeru.

"Bado, baba."

"Kula," alisema, akarudi kwa ng'ombe wake. Majani aliyasahau, na punda akayamaliza kabla ya saa nne.

Kwa hiyo makro haikuwa na kasoro. Gakii aliketi akiutazama ule mstari mfupi kwenye kioo, na kwa mara ya kwanza akaona aibu ya kitu alichokitengeneza kwa mikono yake. Hamdu hakuwa na namba kwa sababu Madi hakuwa nayo, na Madi hakuwa nayo kwa sababu ya baba yake, na kila mmoja alirudishwa nyumbani na dirisha kama hili. Mashine haikuzua jambo. Ilikunjua tu kilichokuwapo.

Jumatano alipiga simu makao makuu, akazungumza na Emily, mwenzake wa siku nyingi, mtu mpole asiyependa ugomvi. Akamwomba sharti libadilishwe, marudio yakome kwa mzazi yeyote ambaye watu wa mji wake wanamtambua.

"Lakini Gakii, hakuna shida hapo," alisema Emily. "Sisi tumeijaribu sana. Nilijaribu jina langu, nikajaribu la kila mtu hapa ofisini. Hakuna aliyezidi hatua mbili."

"Hapa nimefika hatua mia tatu na kumi na mbili."

"Aa. Basi ngoja imalize."

"Emily, haimalizi. Huko nyuma hakuna mtu mwenye namba."

"Makro ni yako, dada," alisema Emily, tena kwa upole wa kweli. "Sharti ni la wakubwa. Andika barua." Gakii aliandika barua, na jibu lililorudi lilikuwa la kuthibitisha kwamba barua imepokelewa.

Alhamisi alijaribu kudanganya. Alimrudia Hamdu, akabonyeza ndiyo, na mashine ilipodai namba akaandika ya baba yake mwenyewe. Mzee Murithi akaketi tena benchini, safari hii na ndoo ya maziwa, kati ya Hamdu na Zamzam. Wanaume wale wawili walipeana mikono.

"Huyu ni mtoto wako?" kioo kilimwagiza Gakii aulize.

Mzee Murithi alimgeukia Zamzam. Alikuwa mzee wa kanisa, na tangu kuzaliwa hakuwahi kuandikisha uongo. "Si wangu," alisema. "Ningekuwa naye ningefurahi." Akaondoka na ndoo yake, na Hamdu akarudi kuwa hapana.

Mchana huo Zamzam alikuja dirishani bila kuitwa. Usiku alikuwa akilala kwa shangaziye, na mchana kutwa alishinda benchini na jamaa zake, maana aliyeomba akiondoka saa za kazi faili hujifunga.

"Bi Gakii, kesho ni Ijumaa."

"Najua."

"Na motokaa ya Mombasa yaondoka asubuhi kule ng'ambo. Ndia ni ndefu."

"Najua, Zamzam."

"Mimi namba siitaki. Nataka kuuguza watu tu." Alisema hivyo bila kulia, kama mtu anayetaja bidhaa dukani. Wenyeji husema asiye na wake ana Mungu. Lakini Zamzam alikuwa na watu wake mia nne na zaidi, wote wamekuja kumshuhudia, na hawakumfaa kitu.

Ijumaa mstari ulikuwa umefika gatini na kugeuka kurudi. Mji ulikwisha uzoea. Muuza kahawa alihamishia birika lake kichochoroni. Watu wenye kesi za mipaka ya mashamba walikuja kuwauliza waliokufa zamani kiambaza kilikuwa wapi, wakapata majibu wakaenda zao. Zamzam alipita katikati ya jamaa zake akiwahudumia. Alimfunga mguu bibi mmoja aliyekufa na kidonda, akamwinua babu aliyezidiwa na kikohozi, akamwelekeza mwingine namna ya kuvuta pumzi. Mikono yake ilikuwa myepesi. Gakii alikuwa akimtazama kutoka dirishani, na saa ya ukutani ilipofika sita hakuweza kumtazama zaidi, akainama juu ya kibodi akajifanya anapangusa.

Saa sita na dakika tano Zamzam alirudi kwenye nafasi yake, akaitoa barua ya chuo, akaisoma tena toka mwanzo, akaikunja. Baba yake alimwekea mkono begani. Mkono ulikuwa na maji, na bega la buibui likaroa.

"Naweza kwenda?" Zamzam alimwuliza Gakii.

"Ukienda faili litafungwa. Ukirudi tutaanza upya."

Zamzam aliirudisha barua bahashani. "Basi nitakaa," alisema. "Mwaka ujao pia wachukua watu."

Mwisho wa mwezi Philip aliwaandikia makao makuu kueleza hali, na makao makuu wakachukua hatua. Yaliletwa mabenchi arobaini ya mninga, kila moja na kibao cha namba. Waliosikia walisema angalau mabenchi yamepata namba. Yalipangwa kichochoroni mpaka gatini, na waliofariki wakapumzisha miguu. Gakii aliandika barua ya pili, na ya tatu. Jioni moja alimwuliza Bi Nasreen mtu afanyeje ukili ukishakuwa mrefu hivyo na mshonaji akakataa kuukata. Bi Nasreen alisimamisha vidole, jambo ambalo Gakii hakuwahi kuliona.

"Wewe hukumwuliza ataukata wapi," alisema, akaendelea kusuka.

Mwaka wa pili ulipita, na chuo kikachukua watu wengine.

Mwaka wa tatu, Jumatatu, saa mbili na dakika kumi, Gakii alifungua dirisha, akapangusa kibodi. Zamzam alikuwa mahali pake, mwanzo kabisa wa benchi la kwanza, ambapo upande wake wa kushoto palibaki kipande cha ubao kisichotosha hata kikapu. Hapo palikuwa pameketi msichana. Alikuwa na umri wa miaka kumi na minane au kumi na tisa, ana macho ya Zamzam na kidevu cha Zamzam, na bahasha ya kaki ameikumbatia kifuani. Zamzam hakuwa ameolewa wala hakuwa na mtoto bado. Pembeni ya Zamzam, Hamdu alimwona msichana yule, akawapasha habari waliomfuata, na habari ikapita mdomo kwa mdomo kuelekea gatini.

Zamzam akasogea, na Hamdu akasogea, na Madi akasogea, na mstari wote ukasogea nafasi moja mpaka majini, ili msichana apate kuketi vizuri.

"Mambiwa niye na mamangu," msichana alimwambia Gakii. "Ndiye huyu."

Gakii alitazama kioo. Kioo kilikuwa kikingoja. Akamgeukia Zamzam, ambaye alikuwa anamjua kwa miaka mitatu sasa, ambaye Jumatatu zote alimletea halua ya shangaziye, akamwuliza alichoagizwa aulize.

"Una namba ya kitambulisho?"

"Sina," alisema Zamzam, akamshika bintiye mkono.